Njia ya Mfereji Kwenda kwa Shangazi

Baiskeli ya baba ilirudi nyumbani kabla ya maiti yake. Watu wawili waliibeba kutoka barabara kuu, gurudumu la mbele limepinda, wakaiegemeza ukutani karibu na mlango, kisha wakakaa kwenye ukingo wa baraza wakitazama miguu yao. Nilikuwa nachuja tui. Nikaiona baiskeli, nikajua, nikaendelea kuchuja mpaka tui likaisha.

Mama alikuwa ametangulia mwaka uliopita, kwa kifua. Shule nilikuwa nimeiacha miaka miwili kabla hajafa, nikiwa darasa la sita, ili nimuuguze. Baba alipogongwa na lori mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu wa kiume kumi, na kitinda mimba wetu, wa kike, mitano. Tulikaa Mbezi Luis, na Mbezi ya wakati huo ilikuwa mikorosho na nyumba za tope zilizotawanyika, huku lami ikipita katikati na magari ya mikoani yakipita bila kupunguza mwendo.

Kwetu, baba na mama wakifa, watoto hawaachwi wajipange wenyewe. Arobaini ikishasomwa na sinia za pilau zikishaondolewa, wazee hubaki ndani wakaamua nani atamchukua nani. Sisi watatu tuliambiwa tukae uani. Baba mkubwa akatoka kutueleza. Mimi na mdogo wangu wa kiume tungebaki pale, kwa sababu yeye alikuwa anasoma na nyumba ilihitaji watu, naye baba mkubwa angekuwa anapita kutuangalia. Kitinda mimba angekwenda kwa shangazi, dada yake baba, anayelima mpunga bondeni, ng'ambo ya msitu wa Pande.

Nilisema naweza kumlea. Nilikuwa nimemlea tangu mama alipolala kitandani. Mimi ndiye niliyemwachisha titi.

"Wewe mwenyewe mtoto," baba mkubwa alisema. "Na kesho ukiolewa, huyu atakwenda wapi?"

"Sitaolewa."

Wazee walioko ndani wakasikia, wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyocheka mtoto akisema hatakula tena.

Kesho yake asubuhi shangazi alinituma dukani kununua chumvi. Niliporudi hayupo, na mtoto hayupo. Jirani akaniambia ndivyo inavyofanywa: mtoto anayehamishwa haagwi, maana akiagwa atalia safari nzima, na kilio hicho atakibeba mpaka anakokwenda. Nilibaki nimesimama uani na chumvi mkononi.

*

Fundi wa baiskeli pale sokoni aliinyoosha foku, akatafuta ringi nyingine kwenye chuma chakavu, akafunga spoki moja moja. Ilikuwa baiskeli ya kiume, nzito, ya Kichina, yenye bomba la juu na keria kubwa. Nilijifunzia juu yake nikiwa mdogo, mguu mmoja nimeupitisha ndani ya fremu kama watoto wote, lakini msichana mkubwa kuipanda ilikuwa habari nyingine. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa kila kona. Nikapata suruali ya kiume, nikawa navaa ndani, nje najifunga kanga. Vijana wa kijiweni hawakuniacha.

"Sista, dume lako liko wapi hata unajibeba mwenyewe?"

"Limechoka," nikajibu. "Nimeliacha limelala."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi, na kuanzia siku hiyo wakaniita dereva. Hawakunisumbua tena.

Aliyenisumbua ni mdogo wangu wa kiume. Jumapili niliyopanga kwenda kwa shangazi kwa mara ya kwanza, niliikuta pampu haipo. Alikuwa ameificha. Nikamwambia aitoe, akasema niape kwanza.

"Niape nini?"

"Hutapanda lami. Hata kidogo. Hata ukichelewa."

Kwa lami ningefika Kibamba upesi kisha nishuke bondeni. Niliapa. Akaenda chini ya kitanda akaleta pampu, akajaza upepo yeye mwenyewe, akibonyeza tairi kwa kidole gumba kila baada ya muda kama alivyokuwa akifanya baba. Jumapili ile na zote zilizofuata yeye ndiye aliyeuza vitumbua nilivyokuwa nikipika kutulisha, nami nikaenda kwa njia za nyuma, ambako hakupiti gari.

Njia ilikuwa hivi. Unaanza kwenye mikorosho, mchanga mwingi, unasukuma zaidi ya unavyopanda. Unashuka kwenye kijito chenye magogo mawili ya mnazi. Hapo unaibeba baiskeli begani. Kisha mihogo, kisha msitu unakupokea. Ndani ya msitu kuna ubaridi hata saa sita mchana, na ardhi ni ngumu, imeshindiliwa na miguu na baiskeli za wachoma mkaa, hivyo tairi linateleza vizuri. Unasikia hondohondo wakipiga mabawa juu, mlio kama mtu anakung'uta mkeka. Kima wanakutazama, wanakutukana, wanaondoka. Katikati ya msitu kuna njia panda: moja inakwenda upande wetu, mbili zinakwenda ninakokujua kwa kusimuliwa tu. Baada ya hapo kuna kichuguu kirefu kama mtu mzima, na baada ya kichuguu miti inakoma ghafla na bonde lote linakuwa mbele yako.

Hapo ndipo ulipoanza mfereji. Wanakijiji waliuchimba kwa majembe enzi za shamba la ushirika, ukanyooka kutoka lango la maji la mbao mpaka kwenye majaruba ya mwisho. Shamba la ushirika lilikuwa limekufa, kila mtu analima kipande chake, na hakuna aliyeusafisha mfereji ila mbele ya kwake, kwa hiyo sehemu moja maji yalikuwa meupe na sehemu inayofuata yamefunikwa na magugu. Lakini tuta la pembeni lilikuwa zima, upana wake mtu mmoja, limejaa majani mafupi. Ukipanda pale baiskeli haigongi kitu. Mpunga kulia, maji kushoto, mdiria anatangulia mbele, anatua, unamkaribia, anatangulia tena. Nilikuwa naacha kukanyaga pedeli nikasikiliza cheni tu.

Nasema kweli, nilikuwa nafurahi. Wazazi wangu wawili wako ardhini, mdogo wangu amechukuliwa, na mimi juu ya tuta lile nilikuwa nafurahi. Niliona aibu. Nilikuwa naikunja sura kabla sijafika kwa shangazi.

*

Shangazi hakuwa mtu mbaya, na nataka lieleweke. Mtoto alikuwa anakula, anaoga, ana gauni la Idi. Shangazi hakuwa amezaa, na alimsuka nywele kwa mistari iliyonyooka kuliko ile niliyokuwa namsuka mimi. Nikifika nilikaribishwa wali mpya na samaki wa mferejini. Tatizo lilikuwa kuondoka. Jua likianza kuinama, shangazi alimtuma mtoto jikoni au kwa jirani kuazima ungo, kisha akanifanyia ishara kwa kidevu. Nami nilichukua baiskeli nikatoroka. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili. Nilikuwa naendesha kwenye tuta lile zuri nikisikia nyuma yangu sauti yake ikiita dada, dada, kisha haisikiki.

Mtoto si mjinga. Jumapili ya tano au ya sita alikataa kutumwa. Ya saba alikaa kwenye keria tangu nilipoiegemeza baiskeli, akala juu yake, hakushuka hata kwenda haja. Iliyofuata alichukua kipande cha kanga akajifunga mkono kwenye chuma cha keria, mafundo manne, kwa meno. Shangazi alipoyafungua alikuwa analia yeye kuliko mtoto.

Nikafikiri tunamtendea vibaya kwa kumtoroka. Nikafikiri akijua ukweli atatulia. Jumapili iliyofuata, kabla shangazi hajafanya ishara, nilimpakia kwenye keria nikampeleka mpaka lango la maji na kumrudisha, na njiani nikamwambia kwamba mimi nitaondoka leo, na nitakuja Jumapili, na nikisema nitakuja ninakuja. Akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikamfundisha. Nilidhani namfundisha kitu cha kukumbuka, kama mtu anavyofundishwa sura ya Kurani kabla hajajua maana yake.

"Mfereji mpaka langoni," nilisema.

"Mfereji mpaka langoni."

"Kichuguu."

"Kichuguu."

"Njia tatu. Unafuata ile yenye moshi."

Maana siku hizo pale njia panda, upande wa kwetu, palikuwa na tanuri la mkaa, lundo la udongo na majani linalofuka mchana kutwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nautumia moshi ule, kwa sababu njia zote tatu zinafanana. Kisha magogo, kisha mikorosho, kisha sisi. Alihesabu kwenye vidole, kidole kimoja kimoja. Nikamwambia akinikumbuka aipite njia yote kichwani, na akipotea akae palepale, nitamkuta. Siku ile nilimuaga. Hakulia. Shangazi alishangaa, nami nikarudi nikijiona nimegundua jambo ambalo wazee hawakulijua.

Nimekulia kati ya wachoma mkaa. Jirani zetu watatu walikuwa wachoma mkaa. Najua kwamba tanuri halikai. Linachomwa, linafunguliwa, mkaa unapakiwa, mwenyewe anahamia kwenye miti mingine, na mvua moja ikinyesha hata alama huioni. Najua hayo kama ninavyojua kukuna nazi. Bado nilimwekea mtoto wa miaka mitano alama ya moshi.

*

Jumapili mbili baadaye nilikuwa nakaribia njia panda nikamwona mwanamume amechutama kando, kavaa kaptura nyeusi kwa masizi, na kando yake gunia lililokunjwa, na juu ya gunia amekaa mdogo wangu anakula muhogo wa kuchoma. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini, tope lile jeusi la mfereji. Tanuri halikuwepo. Palikuwa na duara la majivu na kuku wa msituni wakichakura.

Yule mwanamume alinitazama mimi, akaitazama baiskeli.

"Ndiye dada?" alimuuliza mtoto.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

"Kaniambia dada atapita na baiskeli. Nikamwambia, hapa hawapiti wanawake na baiskeli. Tumebishana tangu asubuhi." Akasimama, akajipangusa. "Haya, umenishinda."

Alinieleza alivyomkuta, jua likiwa limeanza tu kupanda, amekaa katikati ya njia panda. Alimuuliza anakwenda wapi, akasema kwetu. Kwenu wapi, akasema kwenye moshi. Akataka kumpeleka kijijini, mtoto akang'ang'ania mzizi. Basi akaamua akae naye. Nilimshukuru, sikujua nimpe nini. Nilikuwa na vitumbua vya kumpelekea shangazi, nikampa vyote. Alichukua viwili.

Alipoondoka tulibaki mimi na mdogo wangu na baiskeli. Nyuma yangu njia ya nyumbani. Mbele yangu kichuguu na bonde.

"Nilikaa palepale," alisema.

"Umefanya vizuri."

"Sasa twende kwetu."

Nilimpandisha kwenye keria. Alinishika kiuno kwa mikono miwili, akaweka shavu mgongoni. Sijawahi kusimama mahali kwa muda mrefu vile. Nilikuwa najua hesabu yake yote. Kwamba shangazi alikwenda shambani alfajiri, akarudi akakuta mkeka mtupu. Kwamba kwenye bonde lenye mfereji, mtoto akipotea watu hawamtafuti msituni. Kwamba nikimpeleka Mbezi, baba mkubwa atamrudisha siku hiyohiyo, tena kwa gari, kwa lami, na kwamba chumba chetu ni kimoja, na kwamba vitumbua vinatosha wawili na siku nyingine havitoshi. Hakuna hata moja katika hayo ambalo ningeweza kulibadilisha kwa kusimama pale. Hata hivyo nilisimama. Nilikuwa nataka mikono ile ikae kiunoni mwangu kidogo zaidi.

Kisha niligeuza usukani kuelekea kichuguu.

Alijua mara moja. Nilihisi shavu linaondoka mgongoni. Mikono hakuiondoa, kwa sababu njia ilikuwa na mashimo na angeanguka, lakini sasa alishika kanga tu, hakunishika mimi. Hakulia. Mpaka leo natamani angelia.

Tulipotoka msituni niliwaona. Wanaume kama kumi walikuwa ndani ya mfereji, maji kifuani, wanachokora magugu kwa miti mirefu. Wanawake wamesimama kwenye tuta kimya. Shangazi alikuwa amekaa chini, miguu imo majini, tope mpaka kichwani. Alikuwa ameshaingia wakamtoa. Mtu mmoja akatuona akapiga kelele, na wale wa majini wakaegemea miti yao wakaanza kucheka na kutukana kwa furaha, mmoja akisema yeye leo hali samaki tena. Shangazi hakusimama. Alimpokea mtoto hapo hapo alipokaa, akamnusa kichwani, akamnusa mikono.

Jioni, kabla sijaondoka, alinisindikiza yeye. Nilikuwa nimeshamwambia yote, njia, vidole, moshi. Alitembea nyuma ya baiskeli bila kunilaumu.

"Mwanangu, sikukatazi kwa ubaya," alisema tulipofika langoni. "Lakini mtoto hawezi kukaa njiani maisha yake yote. Kila Jumapili unakuja kumtoa kwangu na huna pa kumpeleka. Mwache atue."

"Mpaka lini?"

"Nitakuita."

Nilitaka kusema nimemwahidi. Nilitaka kusema nikisema nitakuja ninakuja. Nilisema ndiyo shangazi.

*

Jumapili iliyofuata nilipanda baiskeli. Mdogo wangu wa kiume alijaza upepo, akauliza kama nimeruhusiwa, nikamwambia naenda kuangalia njia. Nilipita mikorosho, magogo, njia panda, kichuguu. Nilipofika miti inapokoma nilisimama ndani ya kivuli cha mwisho. Kutoka pale paa la shangazi lilionekana, makuti mapya upande mmoja. Nilikaa mpaka nikaona watu wakitoka na kuingia, wadogo kama punje, nikachagua mmoja nikasema ndiye. Kisha nikageuka.

Nilifanya hivyo mpunga ukiwa mche, mpunga ukizaa, ndege wakifukuzwa, mpunga ukivunwa. Mavuno mawili. Mvua ikinyesha nilikwenda nimefunika kichwa kwa mfuko wa nailoni. Sikuvuka kivuli kile. Yule mchoma mkaa nilikuwa nakutana naye, akinisalimu shikamoo kwa utani ingawa yeye ni mkubwa kwangu. Sijui kama nilikuwa natimiza ahadi au naivunja. Nilikuja, ndiyo. Sikufika.

Wito uliletwa na wauza mchele waliokuja Mbezi na magunia: shangazi anasema uje, mtoto ametulia.

Nilifua kanga, nikapaka cheni mafuta. Siku ile nilipovuka kivuli na kuingia kwenye tuta la mfereji mdiria alikuwepo, akatangulia mbele kama zamani.

Alitoka nje kunipokea. Alikuwa amerefuka, meno mawili ya mbele yameota makubwa. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akanipokea mfuko kwa mikono miwili, akatandika mkeka, akaleta maji ya kunawa. Alimwita shangazi mama, bila kuhangaika, kama mtu aliyekwisha kulizoea jina. Alinionyesha kuku wake, akanitajia wangapi wametaga. Alikuwa anasoma darasa la kwanza. Nilimuuliza kama anapenda, akasema anapenda. Alimuulizia kaka yetu, akasikiliza jibu vizuri, kama anavyosikiliza mtoto aliyefunzwa adabu. Nikala wali mpya. Jua likaanza kuinama, nami mwili wangu wote ukangoja ishara ya kidevu, na ungo wa kuazima.

Shangazi alisema, "Msindikize dada yako."

Akanawa mikono, akaja. Tulitembea kwenye tuta, mimi nasukuma baiskeli, yeye nyuma kidogo kwa sababu tuta ni la mtu mmoja. Nilisimama nikamwambia apande kwenye keria nimfikishe mpaka langoni.

Aliitazama keria. "Nitachafua gauni," alisema.

Kwenye lango la maji alisimama. Alinieleza kwamba mama amesema asipite hapo. Alisema kwa heri, wasalimie nyumbani, njia njema. Akanyoosha mkono, nikaushika, ulikuwa mkavu na wa moto. Kisha akageuka akarudi kwa mwendo wa kawaida, akiokota kijiti njiani na kukiburuza majini.

Nilibaki pale nimebana breki zote mbili kwa nguvu, ijapokuwa baiskeli ilikuwa imesimama.